Kiapo cha Mstarini

Mwanangu wa mwisho yuko darasa la nne. Mwaka huu amefundishwa ahadi ya shule, na alasiri moja alikuja nayo nyumbani, mimi nimekaa uani napukuchua maharage, akaniomba nimsikilize asije akachapwa kesho yake. Akasimama wima, mkono kifuani.

"Mimi mwanafunzi wa shule hii, mbele ya bendera ya nchi yangu, naahidi. Nitaipenda nchi yangu. Nitatunza mali ya umma. Nitawatii walimu na viongozi wangu. Ulimi wangu hautasema uongo. Ee Mungu nisaidie."

Akanitazama. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nenda kachote maji."

Hakukosea hata neno. Nilisoma shule hiyo hiyo, na ahadi hiyo aliitunga mwalimu mkuu wa wakati wetu, akaiandika kwa rangi ukutani. Ukuta ulishabomolewa. Mwalimu mkuu alishastaafu, yuko Lushoto mjini anafuga ng'ombe wa maziwa. Ahadi ndiyo imebaki. Na mimi, mwenye mguu mmoja usiokunja goti, ni mtu niliyesimama nikaisema ahadi ile, na baada ya hapo nikamsingizia rafiki yangu aliyekuwa tayari kaburini.

Upande wetu huu wa bonde wengi ni Waislamu. Asubuhi tulikwenda shule, mchana madrasa. Madrasa tulifundishwa kwamba ukitaja jina la Mungu juu ya neno lako umeapa, na kiapo ukikivunja kina kafara: ulishe maskini kumi, na kama huna uwezo ufunge siku tatu. Mwalimu mkuu hakulijua hilo, au hakulijali. Yeye aliweka Mungu mwishoni ili ahadi ipendeze wageni wakija. Kwetu sisi watoto kilikuwa kiapo cha kila asubuhi. Ukila njugu za mwenzako ukakana, unarudi nyumbani unajihesabia siku za kufunga.

Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa na njia yake. Ikifika pale pa ulimi anafumba mdomo, anawaachia wengine waseme, halafu anaingia nao tena kwenye Mungu.

"Mimi sijui leo nitaulizwa nini," aliniambia. "Nikiulizwa nani kavunja chungu cha nyumbani je?"

Watoto wa wafanyakazi wa shamba la chai, ambao wazazi wao walitoka mikoa ya mbali na kila mmoja na dini yake, walitucheka. "Nyie Washambaa mna kazi. Ni ahadi tu hiyo, mwalimu mwenyewe haimalizi." Ni kweli alikuwa haimalizi. Katikati alianza kutazama saa.

Tulikuwa darasa la sita, msimu wa masika, wakati walipoanza kujenga nyumba ya mwalimu. Matofali yalitakiwa, na udongo mwekundu mzuri ulikuwa kwenye ukingo chini ya shule, pale njia ilipokata mlima. Mwalimu mkuu ndiye aliyetoa amri. Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyetupeleka, wasichana sita na majembe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepita asubuhi akaona ukingo una ufa, akasema udongo uliolegea ndio rahisi kuchimba. Nawataja hao watatu kwa vyeo vyao kwa sababu vyeo ndivyo walivyojifichia.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Tulichimba kwa chini, tukaacha juu pananing'inia kama paa. Rafiki yangu akaacha jembe.

"Mwalimu, huku juu panadondoka mchanga."

"Unataka nije nikushikie mwavuli? Chimba."

Alichimba. Sikumbuki kishindo. Nakumbuka giza lenye ubaridi mdomoni, na mtu ananivuta mikono huku mguu umebaki. Wanne walikimbia wakapona bila jeraha. Mimi walinitoa nimevunjika. Yeye walimtoa wa mwisho.

Siku ya tatu wale wakubwa watatu walikuja hospitalini kuniangalia. Waliniletea biskuti na soda. Mwalimu mkuu alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mwanangu, mlikwenda kucheza pale, si ndiyo? Mlitoroka kipindi."

"Tulitumwa, mwalimu."

"Nani anakumbuka vizuri akiwa na maumivu?" akasema mwalimu wa nidhamu. "Wenzako wote wanne wamekumbuka kwamba mlikwenda kucheza. Aliyewaongoza ni yule marehemu. Wewe tu ndiye unataka kuharibu shule."

Mwenyekiti aliongea na baba yangu nje, barazani. Baba alirudi hanitazami. "Sema kama wanavyosema," akaniambia. "Yule hatarudi. Wewe bado unaishi hapa." Baba naye namtaja. Amekufa, namwombea, lakini namtaja.

Wakubwa wa wilaya walikuja baada ya wiki kadhaa, mimi nikiwa kwenye magongo. Shule nzima ikapangwa mstarini. Na mwalimu mkuu, kwa kuwa wageni wapo, akataka ahadi isemwe kwa sauti. Tukaisema. Niliisema yote, hata pale rafiki yangu alipokuwa akinyamaza. Kisha sisi watano tukaitwa mbele, mmoja mmoja, na mgeni mwenye faili akauliza nani aliwapeleka ukingoni.

"Hatukupelekwa. Tulikwenda kucheza. Yeye ndiye aliyetuita."

Akaandika. Bendera ilikuwa juu yetu, imelowa, haipepei. Jambo lote lilichukua muda mfupi kuliko kuchagua viazi vya kuuza.

Kilichonimaliza kilikuja siku chache baadaye. Huku kwetu mtoto wako akimuumiza mtoto wa mwenzako, unakwenda kuomba radhi, na huendi mikono mitupu. Mama yake rafiki yangu, aliyemzika binti pekee, alipanda mlima na kuku jike mkononi na kapu la maharage kichwani, akaingia uani kwetu, akanipigia magoti mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Mwanangu, mwenzako alikuponza. Alikuwa mtundu, sikumfunza vizuri. Msamehe, alale."

Baba akapokea kuku. Mama yangu akasema tumesamehe. Mimi nikatikisa kichwa. Kuku yule alichinjwa na nilipewa paja, mgonjwa mimi.

Shule sikurudi. Watu wanadhani ni mguu. Ningeweza kwenda na magongo, wapo waliokwenda na zaidi ya hayo. Nilishindwa kusimama mstarini. Nilishindwa kufungua kinywa niseme ulimi wangu hautasema uongo. Kwa hiyo darasa la sita ndiyo elimu yangu yote, na kulima bustani ya karoti na kabichi ndiyo kazi yangu. Wale wanne waliendelea. Mmoja ni mwalimu, sijui wapi. Sina ugomvi naye, ila sitaki kumwona.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza mwalimu wa madrasa, bila kumwambia habari yenyewe, kafara ya kiapo cha uongo cha mtoto. Akasema mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi, nisijisumbue, lakini moyo ukinisumbua nifunge. Nimefunga siku tatu kila masika, miaka yote hii. Nikawa na njaa tu. Yule mama nikikutana naye njiani, namwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mwanangu, mguu vipi?" Hajawahi kuacha kuniuliza mguu.

Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha wazazi. Ajenda ilikuwa ahadi. Mzazi mmoja alilalamika kwamba maneno ya dini hayafai kwenye ahadi ya shule ya serikali. Mwingine akasema yasiguswe. Wakaanza.

"Mungu atolewe kwa nini? Amewakosea nini?"

"Hajasema atolewe, mgosi. Amesema kila mtoto aseme kwa dini yake nyumbani."

"Basi liongezwe neno 'Mwenye rehema', maana Mungu peke yake ni kama umemwita jirani."

Mama mmoja wa shamba la chai akasema wao ni walokole na kuapa kwao ni marufuku, mwanawe ataitikia vipi? Akaambiwa mwanawe anaweza kutafuna kalamu wakati huo. Watu wakacheka. Mwalimu mkuu wa sasa, binti mdogo tu mwenye uchovu machoni, akawa anaandika na kufuta. Saa mbili nzima wamebishana juu ya Mungu akae wapi na aitwe nani. Hakuna aliyegusa ule mstari wa uongo. Mstari huo wote waliukubali.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Ninyi mnahangaika na Mungu, na yeye ndiye pekee kwenye ahadi hiyo aliyefanya kazi yake. Tuulizeni sisi wengine." Wakadhani natania. Mwenyekiti wa kikao akanishukuru kwa mchango. Nikachukua fimbo yangu nikatoka, na miguu haikunipeleka nyumbani.

Mama yake rafiki yangu amezeeka sana. Mgongo umepinda, na mwaka huu ameanza kukohoa damu. Mwanawe wa kiume ameniambia daktari hasemi vizuri. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwezi wa kwanza na nilikuwa najiambia kesho. Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni, anachambua mboga za majani. Nikamwamkia. Akaniuliza mguu.

Nikamwambia, nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa chini ni kazi kwangu. Nikamwambia tulitumwa. Nani alitoa amri, nani alitupeleka, nani aliona ufa, baba yangu alisema nini, mimi nilisema nini mbele ya bendera. Na kwamba binti yake aliwaonya, ndiye pekee aliyeacha jembe.

Aliendelea kuchambua mboga hadi nikamaliza. Halafu akaweka ungo chini.

"Yule kuku alikuwa anataga," akasema.

"Najua, mama."

"Hujui. Nyumba nzima ilikuwa inamtegemea." Akakohoa, akafuta mdomo kwa pindo la kanga. "Nilimlaani mwanangu. Unaelewa? Siku arobaini zilipita sijamwombea. Niliona aibu kumtaja msikitini, eti mtoto aliyewaponza wenzake. Niliwaamini watu wa ofisi kuliko mtoto niliyemzaa mwenyewe."

Nikasema nimekuja kuomba radhi, na kwamba kuku nitamleta.

"Kuku wa nini? Sina meno." Akachukua tena ungo wake. Kisha akauliza, "Kesho gulio?"

"Ndiyo, kesho gulio."

"Njoo asubuhi."

Nilikwenda. Njia ya kushukia gulioni inapita mlangoni kwake, na watu wa vitongoji vyote vya juu hupita hapo na matenga yao ya kabichi na hoho. Alikuwa ametoa vigoda viwili, akaviweka kando ya njia. Akanionyesha changu. Ikabidi ninyooshe mguu wangu mbele, watu wauruke.

Akapita wa kwanza, jirani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Tua tenga. Huyu ana neno."

Jirani akatua. Nikasema. Nilidhani sauti itanitoka vibaya lakini ilitoka kama ya mtu anayetaja bei. Tulitumwa. Mwalimu mkuu, mwalimu wa nidhamu, mwenyekiti. Mimi nilidanganya. Yeye hakutuita, yeye alionya. Jirani akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Makubwa," akajitwisha, akashuka. Akaja mwingine na mkewe. Nikasema tena. Mzee mmoja akaniambia nimewachafua watu wazima kwa mambo ya zamani. Yule mama akamjibu kwa Kishambaa, maneno ambayo sitayaandika, na mzee akaenda zake.

Jua lilipofika kichwani nilikuwa nimesema mara ishirini, au zaidi, koo limekauka, mguu umekufa ganzi. Njia ikawa tupu. Nikashika fimbo nijiinue.

"Kaa," akasema. "Wa kule juu kabisa bado hawajapita."