Siku Tano za Paka Mwenye Adabu

Siku ya nne nilimsifu paka mbele za watu. Mteja alikuwa amesimama mbele ya kioo changu nikimpima kiuno, akaniuliza kama sioni tabu kufuga paka ndani ya chumba kilichojaa nguo za watu. Nikamjibu kwa majivuno kwamba huyu si paka wa mitaani. Tangu afike hajachafua hata kona moja. Siku nne! Nikaongeza kwamba wapo watoto waliozaliwa na kulelewa humu humu mtaani kwetu Nyakabiga ambao hawana adabu ya namna hiyo. Mteja akacheka, nami nikacheka. Paka alikuwa amelala chini ya cherehani, macho wazi, hasogei.

Paka yule alitoka Kiriri, mtaa wa matajiri ulio juu ya mji. Nilikuwa namshonea bibi mmoja wa kigeni aliyekaa huko juu miaka miwili kwa ajili ya kazi, na muda wake ulikuwa umekwisha. Siku nilipompelekea gauni lake la mwisho nilimlalamikia kuhusu panya waliotoboa nguo ya bi harusi ndani ya chumba changu cha kushonea. Akaniuliza kama ningemchukua paka wake. Nikakubali pale pale. Akanikabidhi kapu lenye paka, bakuli lake, na besani pana ya plastiki ya kijivu, imeoshwa ikang'aa. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa linamsubiri langoni. Hakueleza chochote, nami sikuuliza.

Kwetu chombo hakina kazi moja. Kopo la maziwa ya unga hupimia mchele, ndoo ya rangi huwekwa maji ya kuoga, na ukifungua bati la biskuti utakuta vifungo na sindano. Ile besani niliiona nikaipenda. Nikaijaza vipande vya nguo nilizokwisha kuzikata, vile vinavyosubiri kuunganishwa, nikaiweka kando ya cherehani.

Mama yangu, ambaye anaishi nami tangu baba afariki, alisema paka mgeni afungiwe ndani siku saba, asije akarudi alikotoka. Ndivyo tunavyofanya sote. Paka huzoea kuta kwanza, kisha hufunguliwa mlango, na akishafunguliwa anajua mwenyewe pa kupeleka haja zake, aghalabu kwa jirani. Basi nikafunga madirisha. Tukampa chakula tunachokula wenyewe, bugari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, wazima wazima na miiba yao. Siku ya tatu mama akamtania pale alipolala: "Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. We panya yako iko wapi?" Paka hakunyanyua hata sikio.

Asubuhi ya siku ya tano nikamkuta katikati ya chumba, juu ya sementi tupu. Alikuwa amekunja mgongo, mkia unatetemeka, anajikaza mwili mzima. Hakuna kilichotoka. Akajikokota hatua mbili, akajikaza tena, na safari hii akatoa sauti ambayo sikuijua, ya chini, kama mtu anayeguna usingizini. Kisha akatapika povu jeupe.

Mama alikuwa ameingia nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Hii paka tangu ifike," akasema polepole, "imekunya wapi?"

Nilitazama chini ya meza, nyuma ya magunia ya vitambaa, nyuma ya mlango, kila mahali, huku najua kwamba sitaona kitu. Adabu niliyokuwa nikiitangaza kwa wateja ilikuwa imejaa tumboni mwa mnyama huyu, imekauka.

"Iko na konstipasyo, choo imefunga," mama akakata shauri. "Ngoja nilete puari."

Puari ni mpira wa kubinya wenye mdomo mrefu mwembamba, na katika mji huu ni nadra kumpata mtu aliyekua bila kuukimbia. Mtoto hajaenda haja siku mbili, puari. Ana homa, puari. Amekataa chakula, puari, na ndani yake maji ya sabuni, au ya tangawizi, au ya majani ambayo hakuna anayetaka kukutajia. Mama alitulea sisi sita kwa puari moja na bado anayo. Akarudi nayo imejaa, povu la sabuni likimdondoka vidoleni.

"Mukamate vizuri."

Nikamfunga paka ndani ya taulo, nikamlaza mapajani. Nilitarajia anikwaruze. Nilikuwa nimekwisha kukaza mikono. Lakini hakupigana. Alilegea tu, kichwa kikaning'inia kwenye goti langu, na kupitia taulo nikasikia tumbo lake, gumu, limejaa vitu kama mawe ya mtoni. Ule ulegevu wake ndio ulionitia hofu. Mdomo wa puari ulipomgusa nikausukuma mkono wa mama, maji yakamwagika juu yake na juu yangu.

"Acha! Utaiua!"

Nilimpigia mama yangu kelele. Alijipangusa kanga, akaweka puari mezani.

"Basi ipeleke kwa dokta, we mwenye kujua."

Mama hupenda kuniambia hasira hasara, nami humjibu kwamba hasara zangu zote zimeletwa na wateja. Asubuhi ile hakuniambia kitu.

Daktari wa mifugo niliyemsikia yuko Gihosha, juu mlimani. Mafuta hayakuwepo mjini wiki ile. Teksi zilikuwa zimepangwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, madereva wamelala ndani. Nikamtia paka kapuni, nikafunika kitenge, nikashika njia kwa miguu. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Kila baada ya mita chache nilisimama, nikafunua kitenge, nikamtazama mbavu. Zilipokuwa zinapanda na kushuka niliendelea. Mlimani mara moja nilifunua nikaona hazipandi, nikapiga goti pale pale kando ya barabara, nikaingiza mkono, na paka akafumbua jicho moja akanitazama. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti hata mwanamke aliyebeba ndizi akageuka.

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye mikono mikubwa. Alimbonyeza paka tumbo kwa vidole viwili, akavuta ngozi ya shingoni, akaangalia ilivyochelewa kurudi.

"Maji imemwishia mwilini, mama. Na huku ndani imejaa kabisa. Anakulaka nini?"

Nikamwambia ndagala wakavu na bugari. Akatikisa kichwa.

"Mulimuwekea kitu huku nyuma? Sabuni? Puari?"

"Apana, dokta. Mama alitaka, mi nikakataa."

"Mulifanya vizuri. Na kunya anakunyaka wapi?"

"Tumemufungia ndani. Hajakunya. Anakojoaka kidogo tu, kwa tundu ya maji pale mlangoni."

"Kuna kitu kimemutisha?"

"Apana, dokta."

Nilijibu haraka mno. Yeye hakuona, au alijifanya hakuona. Alimwekea paka maji chini ya ngozi kwa sindano, mpaka mgongo ukavimba kama mto. Kisha akamsafisha yeye mwenyewe kwa dawa yake, taratibu, mimi nimeshika miguu ya mbele. Vilitoka vipande viwili vidogo, vikavu, na tone la damu. Basi.

"Iko ingine mingi juu," akasema huku anavua glavu. "Dawa itailainisha. Lazima aitoe mwenyewe, leo. Kama mpaka kesho asubuhi hajaitoa, nitamulalisha na dawa ya usingizi niitoe mi. Lakini mama, nakuambia ukweli, vile amechoka, sijui kama ataamuka."

Nikamrudisha paka kapuni. Nikashukuru. Nikafika mlangoni, nikasimama na mkono kwenye kitasa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imekwishia hapo.

"Dokta, kuna kitu sijakuambia."

Nikamweleza. Jioni ya kwanza, paka hajamaliza hata saa mbili nyumbani kwangu, aliingia ndani ya ile besani ya kijivu. Akazunguka juu ya vipande vya blauzi ya bi harusi, akakwaruza, akachuchumaa. Nikapiga ukelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikavua ndara nikamrushia, ikampata mgongoni. Akaruka, akajibanza chini ya cherehani, na toka hapo hakuisogelea tena besani wala kuchuchumaa mbele ya macho yangu. Nilifurahi siku ile. Nilisema huyu ana akili, anaelewa mara moja.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile besani ilitoka naye huko Kiriri?"

"Ndiyo."

"Mama, ile njo choo yake."

Sijui kwa nini ilibidi niambiwe. Nilipotamka mwenyewe maneno yale, akaingia, akakwaruza, akachuchumaa, nilikuwa nimekwisha kuelewa, na uso ulikuwa unaniwaka. Paka wa watu alifika kwenye nyumba ngeni, akatafuta kitu kimoja tu anachokijua, akakipata, akaenda kufanya alilofundishwa, na akapigwa kwa sababu hiyo.

"Toa vitambaa vyako," daktari akasema. "Uioshe na maji tupu, usitie javeli, ile dawa ya madoa, harufu yake wanaichukia. Tia mchanga. Umupe maji mingi, na samaki mubichi ya kuchemusha, bila miiba. Kisha umuachie nafasi. Akiogopa anajizuia."

Nilirudi nikishuka mlima karibu nikikimbia. Vipande vya wateja nikavitupa kitandani bila kuangalia kipi ni cha nani. Nikaosha besani mara tatu. Jirani anayejenga akaniruhusu kuchota mchanga kwenye rundo lake, nikauchekecha kwa kichekecheo cha unga, jambo ambalo mama aliliona na kwa mara ya pili siku ile akanyamaza. Nikaweka besani pale pale ilipokuwa. Nikavuta kigoda nikakaa nikisubiri.

Adhana ya alasiri ilipita. Paka alitoka chini ya cherehani, akanusa ukingo, akatia mguu mmoja ndani ya mchanga. Akatia na wa pili. Akakwaruza kidogo, kisha akainua kichwa, akaniona, akashuka na kurudi mafichoni tumbo likiburura chini. Nikasubiri tena. Akaja tena, akaniona tena, akarudi. Safari ya pili alijikaza huko huko chini ya cherehani, na ile sauti ikamtoka.

"Toka inje," mama akasema. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, tasbihi mkononi.

"Nataka kuona."

"Hutaona kitu. Iko nakuogopa we."

"Na we je, mama? Si uko hapa vilevile?"

"Mi iko nanizoea. Toka, mutoto wangu. Itakufa juu yako."

Nikatoka. Kati ya chumba cha kushonea na ua hakuna mlango, ni pazia tu. Nikakaa kwenye ngazi ya ua, mgongo kwenye ukuta, mikono katikati ya magoti. Mteja wangu wa jana alikuja kujaribu gauni. Nilimwekea kidole mdomoni kabla hajasalimia, nikamfukuza kwa mkono tu, naye akaondoka amenikunjia uso. Nilikuwa naogopa kukohoa. Nilikuwa naona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na aliyenitia aibu hiyo hawezi hata kusema.

Kimya kirefu. Halafu mchanga. Kwaruza, kwaruza, kisha kimya tena.

"Iko ndani," mama alinong'ona kutoka upande wa pili wa pazia. "Inajikaza."

Nikaanza kusoma dua zote ninazozijua, bila mpangilio.

"Bado."

Nikafumba macho.

"Imetoa moja. Ngumu." Kimya. "Inajikaza tena. Mana yanje, Mungu wangu, inalia." Kimya. "Imetoa! Imetoa mingi! Alhamdulillahi, imetoa yote!"

Machozi yalinitoka bila kuaga. Niliruka juu, nikalishika pazia, nataka kuingia nimwone, nimshike, nimwombe radhi kama mtu. Ndani paka alikuwa ameanza kufukia, mchanga unagonga ukuta wa besani. Kivuli changu kikaangukia pazia. Mchanga ukanyamaza.

Sikulifungua. Nililiachia taratibu, nikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, nikakaa chini kwenye ngazi. Nilikaa muda mrefu mpaka nikasikia anaendelea kufukia.