Masharubu ya Shangazi Zuwena

Masizi ya sufuria yakichanganywa na mafuta ya nazi yana harufu yake, nami nikiisikia hadi leo hasira zinanipanda. Ndiyo masharubu aliyojichora Shangazi Zuwena mchana mmoja, nyumbani kwetu Sidab, huku Uarabuni kwa mababu zetu, mwaka wa pili tangu tutoke Unguja. Unguja alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa harusini. Siku ya hina, wanawake peke yao ndani, alikuwa akivaa kanzu ya kiume, akaingia akiimba na kumwigiza bwana harusi mkorofi, watu wakashika mbavu. Baba, kaka yake, alikuwa akijisifu barazani: “Huyo dada yangu huyo!”

Siku ile tulialikwa hina kwa jirani. Shangazi akavaa kanzu ya Baba na kilemba, akaingia kwa sauti nzito. Hakuwaza kwamba wenyeji hawaujui mchezo ule. Wanawake wakapiga mayowe, wakajifunika, mmoja akapanda juu ya kasha: “Mwanamume! Mwanamume kaingia!” Shangazi akavua kilemba, nywele zikamwagika. Yule wa juu ya kasha akaanza kucheka, na wote wakacheka mpaka machozi. “Rudia, Zuwena! Masharubu yako mazuri kuliko ya mume wangu!” Kabla ya alasiri nyumba tatu zilikuwa zimeshamtaka kwenye harusi zao. Kazi yake ilikuwa imemrudia.

Baba aliletewa habari za mayowe, za kicheko hakuzitaka. Akaniamrisha mimi, mtoto wa miaka tisa, nilete Msahafu. “Zuwena, apa hutaimba tena. Wakitufukuza hapa, twende wapi?”

“Kaka, si ulituambia hapa ndipo kwetu?”

Baba akamsogezea Msahafu. Shangazi akaapa, na kiapo akakishika mpaka kufa kwake. Hata watoto wetu aliwabembeleza kwa kuwapiga mgongo tu, mdomo kaufunga. Hofu ya Baba naielewa. Kumsamehe, bado.

Juzi, mtaa wa Mawaleh, harusini kwa mjukuu wangu, aliletwa mwimbaji wa kike anayeigiza pia kwenye televisheni. Alipotoka ukumbini, wanaume wa ukoo wetu wakapanga foleni mlangoni wapigwe naye picha, mbele kabisa mdogo wangu. “Dada, huyu msanii mkubwa!” Nikamwambia, “Nyamaza. Mkubwa tulikuwa naye, tukamziba mdomo.” Mjukuu wangu, bibi harusi mwenyewe, akasikia, akaniomba nimwimbie japo wimbo mmoja wa Shangazi. Nikaimba beti mbili. Wa tatu siujui, na hakuna aliye hai wa kumuuliza.