Jino la Kundi

Mama yangu alivunjika jino la mbele akifungua chupa ya bia kwa meno, kwenye karamu ya ubatizo kwa jirani, na kifungulio kikiwa mezani mbele yake. Nalisema mapema ili asije mtu akamhurumia. Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake: wanaume walimletea chupa, naye akazifungua kwa majivuno. Siku ile kizibo kilikataa, jino likakubali.

Kwa mwanamke mwingine mambo yangeishia nyumbani. Lakini mama alikuwa mstari wa mbele katika animasio, zile nyimbo na ngoma za kukisifu chama ambazo enzi ya Zaire kila kambi, kila shule na kila ofisi ilipaswa kuzicheza mgeni mkubwa aliposhuka Lubumbashi. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alipojaribu bila jino, jina la Kiongozi lilitoka na upepo, na wanawake wa nyuma wakacheka hadi wakakosa hatua.

Mkuu wa kundi, ambaye sote tulimwita sitwayeni, yaani mwananchi, kama chama kilivyoagiza, bwana aliyefunga abakosi yake, lile koti la chama lisilovaliwa tai, mpaka shingoni hata kwenye jua la Oktoba, hakucheka.

"Mama, chama haina na tundu," alisema. "Utaimba mbele ya bakubwa na mudomo ya namna gani?"

"Basi unitie nyuma."

"Nyuma hapana. Sauti yako iko ya mbele. Tutatengeneza meno."

Akampeleka kwa daktari wa meno yeye mwenyewe. Mimi niliwasindikiza kwa kuwa baba alikuwa zamuni kwenye tanuru, na kwa kuwa mama, aliyeogopwa na wanaume wote wa mtaa, aliogopa koleo.

Daktari alikuwa mtu mpole, tena mwenye subira. Alimweleza mama, na mkuu akawa anajibu. Jino likitoboka, alisema, uozo huchimbwa na shimo likazibwa. Ndiyo plombaje tuliyoizoea. Lakini kwa mama hapakuwa na jino la kuziba, palikuwa na shimo peke yake. Likibaki nusu, huchongwa likavishwa kofia. Nusu ya mama ilikuwa imeondoka na kizibo. Mzizi ukiwa mzima, hupigiliwa kijiti cha chuma na jino jipya likasimama juu yake; mzizi wa mama ulikuwa umepasuka, sharti ung'olewe. Kuna na daraja, linaloshikwa na meno ya pande mbili, ila hayo mawili lazima yachongwe kwanza. Mama akasema meno yake mazima hayajamkosea mtu. Likabaki la mwisho: jino moja juu ya kibao chembamba cha rangi ya ufizi, chenye vikulabu vya waya vya kushikilia jirani zake. La kuvaa na kuvua.

"Inatoka?" mkuu akauliza.

"Inatoka. Inapashwa kutoka, mama aisukule na maji kila siku."

Hapo ndipo nilipomwona bwana yule akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Mzizi uling'olewa, kidonda kikapona, jino likawa tayari. Mama alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha daktari, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Mkuu akamwacha amalize, kisha akanyoosha mkono.

"Leta."

"Nilete nini?"

"Meno. Balitengenezea kundi. Iko kitu ya kundi, sawa ngoma."

Daktari alisema katika kazi yake yote hajawahi kuona mgonjwa akinyang'anywa jino lililotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wake. Mkuu akamuuliza, kwa upole mkubwa, kama yeye daktari alikuwa na shida yoyote na chama. Daktari akageuka, akaanza kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu sana.

Tukaishi hivyo. Siku ya mazoezi mkuu alitoa kiberiti mfukoni, na ndani ya kiberiti, juu ya pamba, lilikuwa jino. Mama alilivaa, akaimba, akalivua, akalisuuza, akalirudisha. Siku nyingine lilikaa ofisini kwake, ndani ya bilauri ya maji chini ya picha ya Kiongozi, na wageni walimpa pole mkuu wakidhani ni lake. Mama alipougua malaria, mkuu alijaribu kumvisha mwanamke mmoja kutoka Kasungami mwenye sauti nzuri na pengo zuri vilevile. Halikuingia. Mkuu akamlaumu mwanamke kwa kukosa nidhamu.

Baba alisema tunyamaze, nyumba ni ya kampuni na mdomo huponza kichwa. Mama alinyamaza kweli. Aliacha kucheka. Ikimbidi, alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na kicheko kikafia humo. Mtu yule nilimchukia. Bado namchukia, na sijaona aliyekuja kuniomba nimsamehe.

Ndipo nikachumbiwa. Wakwe walikuwa Wakatoliki wa kaskazini, watu wa reli, na mama wa mchumba wangu alikuja kwenye mazungumzo ya mahari na leso mdomoni, akakaa nayo mpaka mwisho bila kusema neno.

"Ule mama anatuzarau," mama aliniambia walipoondoka. "Ataniona na hii pengo, atasema mwana wake anaoa kwa bantu ba bure."

Alitaka jino kwa siku moja tu, siku ya harusi yangu, acheke mbele ya mkwe wake kama mtu mwenye heshima zake. Hakuwahi kuniomba kitu. Nikaenda ofisini.

"Ndoa iko mambo ya mutu yeye mwenyewe," mkuu alisema huku bilauri ikiwa katikati yetu. "Ile meno iko ya bantu bote."

"Na mudomo?"

"Mudomo iko ya mama. Nani anakatala?"

Nilikaa pale mpaka akachoka na mimi. Mwishowe akakubali: atakuja nalo yeye mwenyewe, kwenye studio ya picha kule Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mradi akaribishwe kama mgeni wa heshima.

Siku ikafika, misa ikaisha, tukaenda studio. Mkuu hakuonekana. Tukasikia kuna ujumbe wa chama unapokewa uwanja wa ndege, naye yuko huko. Mpiga picha alitupanga mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa, mimi na mume wangu katikati, mama zetu kando. Mama alikuwa na kitenge mdomoni, mama mkwe leso. Tukangoja. Jasho likaniharibia poda. Nyuma yetu maharusi wengine walikuwa wamepanga foleni wakinung'unika, na mpiga picha akalipuka.

"Bamama, hii iko foto ya ndoa, haiko ya kilio! Mutoshe mikono kwa mudomo!"

Wote wawili wakashtuka, wakashusha mikono kwa pamoja, kisha wakatazamana. Mama mkwe hakuwa na hata jino moja la mbele, juu wala chini. Alikuwa ameng'olewa yote, anangoja ufizi ukauke apimiwe meno ya kuvaa, na tangu siku ya mahari aliona aibu kufungua mdomo mbele ya watu wa mjini.

"Na weye?" akauliza.

"Na miye!" mama akasema.

Walicheka. Walishikana mabega mbele ya maporomoko yale wakacheka midomo wazi, mama mkwe akipuliza, mama akipiga mluzi bila kutaka, na mpiga picha akapiga picha upesi kabla hawajakumbuka mikono yao. Mimi nililia na poda yangu yote.

Tulikuwa tunatoka mlangoni mkuu alipofika mbio, abakosi imelowa kwapani, kiberiti mkononi. Akakifungua, akamnyooshea mama jino mbele ya watu wote.

Mama alilitazama.

"Bakia nayo, sitwayeni," akasema. "Miye minaisha kucheka bila hiyo."