Siku Nilipoichana Spika ya Kwaya

Acha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Kinampanda: ile spika ya kwaya niliichana mimi, kwa wembe, nikiwa na akili zangu zote na stashahada ya elektroniki imening'inia ukutani.

Na msinichukulie poa. Nilitoka kwetu na begi moja, nikasoma Dar huku natengeneza redio za watu, nikarudi na cheti, gitaa la umeme na karakana yangu mwenyewe pale Shelui, na hakuna aliyenishika mkono. Sasa ugonjwa wangu ni gitaa la rock ya Waingereza wa zamani, ile sauti chafu inayokwaruza kama lori linalopanda mlima gia imegoma, na siku moja kwenye simu nikaona kwamba baadhi yao waliipata kwa kuchana karatasi ya ndani ya spika. (Kuichana tu! Na mimi nimehangaika na nyaya miezi mitatu.) Spika zangu zilikuwa mpya, nikazionea huruma, ndipo nikakumbuka ile kuukuu ya akiba kwenye stoo ya kanisa letu la Kinampanda, na ufunguo ninao kwa sababu fundi wao ni mimi. Jumamosi nikaichana mara tatu humohumo stoo, nikapiga gitaa, jamani, nilikaribia kulia kwa utamu. Nikajisemea Jumatatu nitaiziba kwa gundi, nani atajua?

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Mwenyekiti wa kwaya ni Mzee Mkumbo, na Mzee Mkumbo ndiye baba yake Upendo, binti ninayetaka kumwoa, na barua yangu ya posa tayari alikuwa nayo mshenga, aipeleke Jumatano. Nimekaa mbele na suti yangu, nikamsikia Mama Loti wa kwaya akimwambia, "Mzee, spika kubwa imekwenda msibani. Tumetoa ile ya stoo."

Nilitaka kuinuka, lakini niseme nini?

Mzee akashika kipaza sauti. "Bwana Yesu asifiwe!"

Likatoka dude. Sijui fisi, sijui chura ndani ya debe. Watoto wakawang'ang'ania mama zao. Mzee akajishika koo, macho yamemtoka, akakohoa (kikohozi nacho kikaunguruma), akajaribu tena, fisi yuleyule.

"Mleteeni asali!" Mama Loti akapiga kelele. "Koo limemkamata!"

Ikaja asali kwenye kikombe, mzee wa watu akainywa mbele ya waumini wote, na mimi msomi nimekaa namtazama mtu anatibiwa ugonjwa niliompa mimi.

Mkewe akamwonea huruma, akachukua kipaza sauti. "Baba Upendo, kaa upumzike." Na yeye akaunguruma! Hapo kanisa likaangua kicheko, macho yote yakahamia kwenye spika, kisha kwa fundi.

"Fundi," Mzee akaniita, "njoo."

"Shikamoo mzee," nikasema (na asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia). "Nimeichana mimi. Waingereza wa zamani walifanya hivyo ili gitaa likwaruze."

"Waingereza?"

"Ndiyo mzee."

"Yaani umesoma miaka yote hiyo ili kizima kisikike kibovu?" Akanikabidhi kipaza sauti. "Haya, waambie wenyewe. Kwa hiyohiyo."

Basi nikaomba msamaha kwa sauti ya fisi, neno kwa neno, huku Upendo kajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanamcheza, na mpaka leo hataki kuniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Barua ilipelekwa. Jibu likarudi na orodha ya mahari: ng'ombe, mbuzi, blanketi la bibi, lakini mstari wa kwanza kabisa, juu ya ng'ombe, umeandikwa kwa mkono wa Mzee mwenyewe: spika moja, nzima, ambayo haijaguswa na fundi.

Nimeshainunua. Imo kwenye boksi lake, utepe wa kiwandani haujabanduliwa, na sitaifungua hata kuijaribu. Wembe nimeapa kutoushika tena. Hata ndevu namwachia kinyozi.