Kengele ya Kabati la Risasi

Harlan Strawser alikuwa na majivuno mengi madogo na moja kubwa, na hilo kubwa lilikuwa boksi lake la risasi. Boksi moja, alipenda kusema, humtosha mtu miaka na miaka ikiwa mtu huyo anajua anachofanya. Kila msimu wa kulungu aliingia msituni na risasi chache mfukoni, akapiga moja, akarudi kambini kumchuna mnyama na kujigamba. Waliokuwa wakinunua boksi jipya kila mwaka aliwauliza kama wanawinda au wanatoboa miti.

Sasa ikafika Jumamosi ya kufungua msimu, ile inayofuata Sikukuu ya Shukrani, ambapo katika milima ile ya Pennsylvania hata mchungaji huvaa fulana ya wawindaji ya rangi ya chungwa. Harlan alikuwa kwenye kiti chake cha kuvizia, juu mtini, tangu kabla ya jua kuchomoza. Kulungu dume mwenye pembe za kutundikwa ukutani akajitokeza kwenye uwazi, akasimama ubavu ametulia tuli. Harlan akapiga. Kulungu akainua kichwa. Akapiga tena. Aliendelea kupiga mpaka bunduki ikawa tupu na mfuko, uliobeba risasi za mwisho za boksi, ukawa mtupu, na yule mnyama, badala ya kutimua mbio kama mnyama mwenye adabu, akaondoka akitembea.

Mzee alibaki pale juu amekodoa macho. Jambo alilokuwa akilikwepa tangu kiangazi likamjia wazi: ule uwazi aliuona kama mtu anayeangalia kupitia dirisha la bafuni lenye ukungu. Macho yalikuwa yamemwacha.

Kukosa si dhambi, lakini pale kambini kuna adabu yake. Aliyekosa hukiri mezani, husimama na kugeuka, na pindo la nyuma la shati lake hukatwa kwa mkasi na kupigiliwa msumari ukutani, jina na mwaka chini yake. Ukuta ule umejaa vitambaa vya mirabamiraba utadhani duka la fundi cherehani. Mwenye mkasi alikuwa Harlan mwenyewe, aliyeurithi kwa baba yake, na alikata kwa furaha isiyofichika. Pindo lake yeye halikuwamo.

Kilichomtia hofu hasa hakikuwa shati. Orvis, ndugu wa marehemu mkewe, alikosa misimu miwili mfululizo, na msimu wa tatu alikuwa amefunga aproni, anakoroga maharage huku wenzake wakielekea msituni. Hakuna aliyemtimua, mambo yalijipanga tu. Harlan alijiona yeye ndiye anayefuata, na wazo hilo lilimnyima hata hamu ya kula.

Mchana, juu ya mabakuli ya maharage na nyama ya nguruwe, mwanawe Galen alimwuliza, "Baba, ile milio ya asubuhi haikutoka upande wako?"

"Upande wangu? Hao ni watu wa kina Merle, ng'ambo ya kijito. Wanapiga kama wanasherehekea mwaka mpya."

Galen akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye bakuli lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mlengaji bora kuliko wote bonde zima.

"Nashuka mjini," Harlan akasema. "Nakwenda kununua mkate."

"Mkate upo wa kulisha jeshi," Orvis akajibu kutoka jikoni.

"Nataka ule mweusi. Tumbo linanisumbua."

"Tumbo lako halijasumbuliwa na kitu tangu uzaliwe."

Harlan alikuwa ameshatoka. Bunduki yake, ile ya baba yake, aliiacha imetundikwa ukutani kama kawaida. Hapo ndipo shida ilipokuwa: ilikuwa ya aina ya zamani, na kambini hakuna mwingine aliyekuwa na risasi za kuiingia. Asiponunua, kesho angekaa mtini na bunduki tupu.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Enzi zake, maboksi ya risasi yalikaa rafuni wazi, kati ya glavu na chupa za chai. Mtu alichukua lake, akalilaza chini ya mkate, akalipa kwa dada wa kaunta asiyejali, basi. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi zinafungiwa kwa sababu ya wadokozi, ila kwa kuwa hakuwa mnunuzi, habari hiyo ilimpita.

Dukani alikuta kabati la kioo la urefu wa ukuta, limefungwa kufuli. Ndani, maboksi yalijipanga safu kwa safu, na maandishi yake yalikuwa madogo. Alisogea. Alirudi nyuma. Alibana jicho moja, kisha lingine. Zamani angelichukua boksi akaligeuza kwenye mwanga. Sasa alibaki ameegemeza pua kiooni, na mkate kwapani. Pembeni palikuwa na kitufe chekundu. Akatazama kushoto na kulia, akakibonyeza kwa upole, kana kwamba upole ungesaidia.

"Mteja anahitaji msaada kwenye kabati la risasi," sauti ya mashine ikatangaza kutoka darini, duka zima, mpaka kwenye samaki na nepi. "Mteja anahitaji msaada kwenye kabati la risasi."

Harlan alijifanya hamnazo, akaanza kusoma bei za soksi. Mashine haikumwonea haya. Ilitulia, ikavuta pumzi, ikarudia.

"Harlan Strawser," mtu akasema nyuma yake. "Ama macho yangu yananidanganya?"

Alikuwa Merle Fetterhoff, wa kambi ya ng'ambo ya kijito, na kikombe cha kahawa mkononi. Kati ya watu wote aliowaumba Mungu, Harlan angemchagua yeyote mwingine.

"Nimefuata mkate," akasema.

"Naona. Na kitufe umekibonyeza ili wakuletee siagi?"

Hapo akaja Twila, mhudumu mwenye ufunguo, anatembea taratibu kama watembeavyo wenye funguo. Alikuwa ameimba kwaya ya kanisa pamoja na Harlan miaka mingi, na sauti yake haikujua kunong'ona.

"Mzee Harlan! Unataka za aina gani?"

Harlan akamsogelea, akamtajia chini chini.

"Sijakusikia, mzee wangu."

Akarudia.

"Aa, zile za zamani! Zimebaki boksi moja, kule juu kabisa. Ngoja nilete ngazi. Kitambulisho unacho?"

"Twila, hivi nafanana na mtoto?"

"Mashine ya kaunta haijui unafanana na nani. Inataka kitambulisho."

Twila akafuata ngazi. Merle akanywa kahawa yake, akasubiri, akanywa tena. Alikuwa na subira ya paka mbele ya tundu.

"Hizo ni za bunduki ya baba yako," akasema. "Wewe si ndiye wa boksi moja mpaka kaburini? Zimeishaje?"

Mtu akibanwa husema la kwanza linalomjia mdomoni. Lililomjia Harlan lilikuwa baya.

"Bunduki nimempa Galen msimu huu," akasema. "Alitaka kuijaribu."

"Galen?" Kikombe kikasimama hewani. "Galen ndiye aliyezimaliza?"

"Ndiyo."

"Zote? Kwa kulungu mmoja?"

"Zote. Tena dume kubwa."

Uso wa Merle ukachanua. Kiangazi kilichopita, kwenye mashindano ya kulenga shabaha, Galen alimshinda mbele ya wake, watoto na wakwe, na Merle alikuwa hajalala vizuri tangu siku hiyo. "Galen," akasema tena, kwa utamu. Akasahau kilichomleta, akaelekea mlangoni, anatafuta simu mfukoni.

Harlan alitaka kumwita. Kinywa kilifunguka, lakini Twila alikuwa juu ya ngazi anauliza kama ni hili la kijani, na Harlan, ambaye aliona ukungu wa kijani na ukungu wa njano, akasema ndiyo.

"Hili? Hizi za bunduki nyingine kabisa, mzee. Zako ni hizi za njano. Huoni maandishi?"

"Kioo chenu kichafu."

"Kimefunguliwa, mzee."

Alipodhani yamekwisha, alinyoosha mkono apokee boksi, na Twila akalivuta kifuani. Hairuhusiwi kulishika kabla ya kulipa. Lazima yeye mwenyewe alipeleke kaunta. Basi wakapita duka zima, Twila mbele amelibeba boksi kwa mikono miwili kama keki ya arusi, na Harlan nyuma, kofia mkononi. Kwenye foleni kila mtu alikuwa na fulana ya chungwa, na kila mtu alimjua. "Mwaka mbaya, Harlan?" mmoja akauliza. "Naona miti imekuwa mingi msituni," mwingine akadakia. Alilipa, akatoka, na ndani ya gari akagundua mkate ameuacha kwenye rafu ya soksi.

Hakuurudia. Alikaa akiliangalia lile boksi, na furaha ya kulipata haikuja. Mzaha wa foleni ulikuwa haki yake kabisa, aliwahi kuwafanyia wao mabaya zaidi. Lililomuuma ni Galen. Mtoto hajawahi kumkosea, hakufyatua hata risasi moja siku ile, na sasa bonde zima lilikuwa likipokea simu juu yake. Harlan aliona aibu, aibu halisi inayopanda mpaka masikioni. Alisema ovyo peke yake njia nzima ya kupanda mlima, na yote aliyoyasema alijisema mwenyewe.

Gari la Merle lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya kambi.

Aliingia akakuta nyumba imejaa kicheko. Merle alikuwa amekaa mezani na kipande cha pai, na amekuja na wenzake wa ng'ambo ili wasikose kushuhudia. Galen alikuwa amesimama katikati.

"Tuambie mwenyewe," Merle alikuwa akisema. "Bunduki ya babu yako, dume kubwa, risasi zote. Kweli au si kweli?"

Galen aliitazama bunduki ya babu yake pale ukutani, ilipokuwa imetundikwa tangu mchana. Kisha akamwona baba yake mlangoni na boksi la njano mkononi, bila mkate.

"Kweli," Galen akasema. "Nilikosa."

Wakashangilia mpaka vikombe vikalia. Galen akavua koti, akageuka, akachomoa shati kwenye suruali. Mtu akautoa mkasi msumarini, akampa anayestahili kuushika, naye ni Harlan.

Harlan akaliweka boksi mezani, akasogea na mkasi. Mgongo wa mwanawe ulikuwa mbele yake, mpana, umetulia, haumwombi kitu. Alimpenda sana wakati ule. Akaugeuza mkasi, akamwekea Galen mkononi, mpini mbele.

"Kata wewe," akasema. "Shati la kukatwa ni langu."

Akavua fulana ya chungwa, akavua koti, akageuka.

"Bunduki sijampa mtu. Aliyekosa ni mimi, nikamsingizia mwanangu dukani kwa sababu niliogopa. Sioni, jamani. Mbali sioni tena. Sasa kateni, halafu mnipe aproni nimsaidie Orvis, yaishe."

Kicheko kilikatika. Hata Merle aliacha kutafuna. Aliyesema wa kwanza alikuwa Orvis, kutoka jikoni, na mwiko mkononi.

"Aproni gani? Jikoni kwangu haingii mtu. Huyu huunguza hata maji."

"Si ndiko mnakowapeleka waliokosa?" Harlan akauliza bila kugeuka.

"Nani alinipeleka? Miguu yangu ilikuwa inaganda kule juu, na nyinyi mlikuwa mnapika uchafu. Nimekuja mwenyewe, na nakaa mwenyewe. Tafuta kazi nyingine."

Hapo nyumba ikapasuka upya, na safari hii Harlan alicheka pamoja nao, mabega yakitikisika hata Galen akashindwa kulishika shati.

"Tulia, baba, nitakukata nyama."

"Ulijua?" Harlan akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu asubuhi. Bunduki ya babu ina mlio wake."

"Sasa mbona ukakubali?"

"Shati lenyewe kuukuu," Galen akasema.

Mkasi ukapita. Merle, ambaye kusema kweli hakuwa mtu mbaya, aliomba apewe heshima ya kupigilia msumari, akapewa. Baridi ya mlangoni ilimpiga mzee mgongoni palipobaki wazi. Galen alichukua boksi la njano mezani, akaliweka juu ya kabati, mahali pa juu kabisa.

"Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa macho," akasema. "Mpaka atakapokuruhusu, unakaa na mimi kwenye mti wangu, bila bunduki, na chupa ya kahawa unabeba wewe."

"Na kiti changu?"

"Kiti chako hakikaliwi na mtu."

Harlan akaitikia kwa kichwa, akavuta benchi, akaomba maharage.