Dumu Si Lazima Lijae

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamume mwembamba aliyevaa koti la mvua anaegesha pikipiki mbele ya chumba cha fundi cherehani na kuzima injini. Nyuma ya kiti kumefungwa sanduku jeupe la kutunzia baridi. Watoto wawili wenye sare za shule wanalikodolea macho.

"Unauza aiskrimu?" mmoja anauliza.

"Imeisha," anajibu, wala hacheki.

Ndani ya sanduku kuna mkojo.

Kuukusanya ndiyo kazi yake. Hospitali ya rufaa iliyo upande wa pili wa mji inafanya utafiti kuhusu watu ambao miili yao inatengeneza homoni ya kortisoli kupita kiasi. Kipimo kimojawapo kinataka mkojo wote wa mtu kwa saa ishirini na nne, bila kukosa hata mara moja, nao utunzwe penye ubaridi. Washiriki wengi hawako tayari kupanda basi na dumu la lita tatu mapajani huku abiria wakiwatazama. Kwa hiyo yeye huwafuata majumbani.

Mitaani anaitwa Bwana Madumu. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa akiuza maji nyumba kwa nyumba. "Nilianza kwa kuwapelekea watu maji," anasema. "Sasa nayarudisha."

Mlango unafunguliwa. Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, amesimama akiwa ameshikilia fremu kwa mkono mmoja. Nyuma yake mama yake mzazi ameketi kwenye kigoda, karibu na meza ya kukatia vitambaa. Dumu liko tayari, ndani ya mfuko mweusi. Mifuko hiyo aliiomba Bwana Madumu mwenyewe, baada ya kuona watu wakificha madumu chini ya vitanda.

Kabla ya kulipokea anauliza maswali yake. Mkojo wa kwanza wa jana asubuhi ulimwagwa? Wa leo asubuhi umeingia? Kuna uliokosekana? Fundi anajibu moja baada ya jingine. Halafu linakuja swali ambalo mwanzoni mwa mwezi halikuwepo: kuna mtu mwingine aliyetia wake?

Mama anatazama dari.

"Mimi safari hii hata chooni nimekwenda kwa ruhusa," anasema.

Ili kuelewa kicheko kinachofuata, inabidi kurudi nyuma.

Miaka mitatu iliyopita uso wa fundi ulianza kuwa wa mviringo. Tumbo likakua huku mikono na miguu ikikonda. Wateja walimpongeza. Walisema kanawiri, biashara imemkubali. Zahanati ilimkuta na presha, ikamshauri apunguze kula.

"Nilipunguza mpaka nikawa nasahau kupika," anasema. "Uso ukazidi."

Kila alipogusa kona ya meza alipata alama ya zambarau. Mwisho mapaja yakaisha nguvu. Akawa hawezi kuinuka kitini bila kujivuta kwa mikono, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Leo imefunikwa shuka.

Hospitalini walimuuliza kwanza kama anatumia vidonge au krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, kwa kuwa nazo huleta dalili zile zile. Hatumii. Dumu lake la kwanza lilionyesha kortisoli iliyo juu sana. Lakini kortisoli hupanda kwa sababu nyingi, na utaratibu wa utafiti ni kwamba vipimo viwili vikubaliane ndipo mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya kichwa. Mlango wa kupokea washiriki wa hatua hiyo ya picha ungefungwa mwisho wa mwezi. Nje ya utafiti, picha hiyo hakuwa na uwezo nayo.

Dumu la pili lilikataliwa na maabara. Kila mtu hutoa kwa siku kiasi fulani cha kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, na kiasi hicho hakibadiliki sana. Dumu la fundi lilikuwa na kreatinini nyingi kuliko mwanamke mmoja mwenye umbo lake anavyoweza kutoa.

Shaka ya kwanza ilimwangukia Bwana Madumu, mchukuzi. Siku ile alikuwa amebeba madumu manne. Daktari anayeongoza utafiti alimwita na kumuuliza kama aliyachanganya njiani. Kama ndivyo, kazi ingekuwa imeishia hapo.

"Nilimwambia sikuchanganya," anasimulia. "Ila kusema hivyo hata aliyechanganya angesema. Nikaomba nirudi kule nyumbani."

Alirudi, akakaa. Hakumtuhumu mtu. Fundi anakumbuka kwamba aliwasimulia kuhusu mzee mmoja aliyemkabidhi dumu la chai ya rangi ili amjaribu kama yuko macho. Mama akacheka sana, kisha akakiri.

Alikuwa amekuja kumuuguza binti yake siku chache kabla. Alilikuta dumu halijafika hata nusu, na jioni ilikuwa imeshaingia.

"Baba, nilisaidia kidogo," alimwambia Bwana Madumu. "Mwanangu apeleke dumu nusu kwa watu wazima? Wangesema hajitumi."

Alisaidia mara mbili. Fundi hakujua lolote.

Bwana Madumu alimpigia daktari palepale, akamweleza kwamba ndugu mmoja amejaza kwa nia njema. Hakusema ni nani. Mama ndiye aliyeomba simu akajitaja, na daktari akampa shikamoo kabla ya jambo jingine lolote.

"Tulieleza kila kitu isipokuwa kimoja," anasema daktari huyo. "Kwamba mtu mzima hutoa lita moja na nusu, mbili, na dumu ni la lita tatu. Si lazima lijae. Sasa tumeliandika kwenye maelekezo, kwa herufi kubwa."

Dumu la asubuhi hii lina lita moja na robo. Bwana Madumu analifunga kwenye sanduku kwa mikanda miwili na kuondoka taratibu, akikwepa mashimo.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata, siku nne kabla ya mwisho wa mwezi. Kreatinini ilikuwa ya mtu mmoja. Kortisoli ilikuwa juu kama mara ya kwanza. Picha imeonyesha uvimbe mdogo, usiozidi punje ya mahindi, kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo inayoamuru kortisoli itengenezwe. Utatolewa mwezi ujao kupitia puani. Madaktari wanatarajia nguvu za miguu zirudi polepole. Hawajaahidi tarehe.

Fundi ameshaondoa shuka kwenye cherehani na kuitia mafuta. Anasema kazi ya kwanza itakuwa koti la mvua, maana la Bwana Madumu limechanika kwapani.

Baada ya upasuaji kutakuwa na dumu moja zaidi, la kuangalia kama kortisoli imeshuka. Bwana Madumu ameshatenga mfuko wake mweusi na anataka kulichukua mwenyewe, hata kama siku hiyo si zamu yake.

Mama naye ana mpango.

"Likiwa nusu," anasema, "libaki nusu."