Siku Niliyoangukia Mikononi mwa Mkwe

Nianze kucheka mimi mwenyewe, maana najua mtacheka tu. Mimi, Mama Tabitha, mke wa Elam karani wa stoo ya ngano, mwimbaji wa kanisa, mama ambaye lokesheni nzima ya Eldoret ilimjua kwa adabu zake, niliwahi kuanguka mchana kweupe kifuani mwa mchumba wa binti yangu, mbele ya jamaa zake wote, na kabla ya kuanguka nilikuwa nimeshawatangazia siri yangu kwa sauti ya mtu anayefukuza nyani shambani. Na yote hayo yaliletwa na vidonge, tena si vya kuiba wala vya mganga, ni vyangu halali, nilivyopewa na daktari na kuelezwa polepole namna ya kuvinywa.

Miaka ile wazungu walikuwa bado wameshika mashamba yote, kutoka mjini mpaka Soy na huko mbele, na sisi tuliotoka magharibi kutafuta kazi tulikuwa tumepangwa kwenye vyumba vya lokesheni, mtaa wa Waafrika, mlango kwa mlango. Baridi ya Eldoret mnaijua, kwa hiyo vidole viliponivimba mwanzoni nilidhani ni hiyo baridi. Nikiamka vimekaza, siwezi hata kufunga kifungo cha blauzi mpaka Tabitha anifungie, jua likipanda ndipo vinalegea kidogo, halafu yakafuata magoti, halafu vifundo vya mikono, kulia na kushoto pamoja kama vimeagana. Wengine wakasema nimerogwa (jirani alinitajia mpaka jina la mrogaji, mama mmoja mpole wa watu aliyekuwa akiuza mboga).

Elam akanipeleka kwa daktari mjini, naye akanibonyeza kiungo kimoja kimoja, akasema, "Mama, hii si baridi na si uchawi. Sisi wenyewe bado hatuijui vizuri, lakini ni kama mwili wako unapigana na viungo vyake. Haiambukizi mtu. Dawa haitaimaliza, itaituliza." Akanipa aspirini. Nigawe mara nne kwa siku, kila mara baada ya chakula, sio kabla. Nikisahau, nisirudishie. "Na masikio yakianza kulia, acha dawa, kuja hapa mara moja." Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, na kweli nilifuata, na viungo navyo vikaanza kutulia.

Sasa ndipo jamaa za Zablon, kijana aliyemtaka Tabitha wangu, wakatuma habari kwamba wanakuja kuona nyumba.

Zablon alikuwa kijana mtaratibu, baba yake nyapara kwenye shamba la mzungu huko Ziwa, karibu na Soy, na Tabitha alimpenda mpaka chai ikawa inamwagikia jikoni huku anatabasamu peke yake. Lakini kwetu watu wa kuoa hawaji kumwona msichana tu. Wanaangalia nyumba yote. Kuna kifafa hapa? Kuna wazimu? Kuna ugonjwa unaotembea na damu, utakaokuja kutokea kwa wajukuu? Na aliyekuwa akiongoza uchunguzi huo ni shangazi yake Zablon, Senge Loise (senge ndiye dada ya baba, na neno lake kwenye ndoa ni zito), mwanamke mwembamba mwenye macho ya kupima, ambaye tulisikia alishavunja uchumba mmoja kwa sababu mama wa msichana alikohoa wakati wa maombi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Tabitha alinijia, akakaa miguuni pangu akichezea kitambaa cha meza. "Mama," akasema, "kesho jaribu usichechemee." Kisha akalia kwa kuona aibu ya alichosema, nami nikamshika kichwa nikamwambia hakuna neno. Lakini liliniuma, siwadanganyi, na niliogopa kwa moyo wote kwamba mtoto wangu atakosa mume kwa sababu ya magoti yangu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hata mikalitusi ya barabarani haionekani. Nikasimama jikoni peke yangu na chupa ya vidonge mkononi. Jana yake jioni nilikuwa nimechoka kwa mapishi, nikaruka sehemu ya usiku, kwa hiyo nikaona kwanza hiyo niirudishie. Halafu nikajiambia, kama sehemu moja inanipunguzia maumivu, je, nikinywa ya siku nzima kwa mpigo si nitatembea kama msichana? Kula nilikuwa sijala (mwenye nyumba atakulaje kabla ya wageni?), nikachota maji ya mtungi, nikameza zote, ya jana na ya leo.

Na jamani, nilitembea! Labda ilikuwa dawa, labda ilikuwa imani yangu tu, lakini baadaye kidogo nilikuwa napita katikati ya ule ukungu nikibeba viti kuvipeleka uani, na ardhi naiona iko chini sana, na miguu si yangu, inanipeleka yenyewe. Nikawa naona kila kitu ni kizuri. Moshi wa jikoni mzuri, kuku wa jirani wazuri, hata Elam aliyevaa koti lake la kwenda kanisani nikamwona kama siku aliyonioa. Tumbo lilikuwa linaniwaka kidogo, nikasema ni njaa.

Halafu nyenze mmoja akaanza kulia nyuma ya sikio langu la kushoto. Nikamwacha. Akaitikiwa na mwingine kulia, kisha wakawa wengi, kisha haikuwa nyenze tena, ilikuwa mvua kubwa juu ya mabati, mvua ile ya Uasin Gishu isiyobisha hodi, na mimi niko ndani nafikiria viti vya kuazima na vitambaa vyangu nilivyofuma kabla vidole havijaharibika. Nikatoka mbio. Nikabeba kiti, nikaingiza ndani, nikarudi, nikabeba kingine, nikavuta vitambaa nikavikumbatia kifuani, nikipiga kelele, "Mvua! Mvua! Ingizeni vitu!"

Kumbe jua lilikuwa limeshatoka, linawaka kabisa, na wageni wamesimama mlangoni mwa ua, wanaume wameshika kofia, wanamtazama mama mkwe mtarajiwa akiwaficha viti.

Elam alinijia, mdomo wake unafunguka na kufungika, lakini sauti hakuna. Nikamwangalia kama naangalia samaki. Wageni wakaketishwa, viti vikarudishwa, na mimi nikakaa kwenye mkeka nikitabasamu huku jasho linanichuruzika mgongoni na pumzi inakwenda haraka haraka. Midomo ikawa inacheza kila upande, mikono inapaa na kushuka, na yote hayo nayaona kwa mbali, taratibu, kana kwamba niko chini ya maji ya mto na wao wako ng'amboni. Ilikuwa na raha yake, siwezi kukataa. Senge Loise akaniuliza kitu, nikatikisa kichwa kukubali. Akaniuliza tena akikunja uso, nikakubali tena, kwa furaha zaidi. (Nilikuja kuambiwa kwamba la kwanza lilikuwa kama nina afya. La pili lilikuwa kama nimelewa.)

Hapo hofu ikanipenya katikati ya ndoto yangu, nikakumbuka masikio na maneno ya daktari. Wifi yangu Dorika alikuwa karibu, nikamwinamia na kumnong'oneza sikioni, kwa siri kabisa, kinywa changu nimekifunika kwa kiganja. Nilivyodhani mimi. Ninyi mnajua asiyesikia hajui sauti yake ilipofika.

"DORIKA! NIMEMEZA DAWA YA SIKU NZIMA NA YA JANA ILI HAWA WATU WASIJUE NINA UGONJWA WA VIUNGO! USIMWAMBIE HUYO SENGE MWEMBAMBA!"

Nikaona vikombe vyote vimesimama hewani. Nikamwona Tabitha mlangoni na sinia, ameweka mkono mdomoni. Nikajua. Nikainuka nikimbilie jikoni, ua ukazunguka, magoti yakakataa, nikaenda mbele moja kwa moja, na aliyeruka kunidaka hakuwa Elam wala Dorika, alikuwa Zablon.

Mtu wa mbali anaweza asielewe. Kwetu mama mkwe na mkwe hawagusani. Hata mkono hawapeani, wakikutana njiani mmoja anatoka kando. Na mimi nilikuwa nimelala mikononi mwa kijana wa watu, kilemba kimeanguka, nikitapika chai kwenye shati lake jeupe. Yule kijana aligeuza uso pembeni kwa heshima, lakini hakuniachia.

Majirani wawili walinipakia kwenye mkokoteni wa magunia, wakanisukuma mpaka kwa daktari, lokesheni yote ikisimama kutazama. Daktari aligomba sana (nilijua kwa mishipa ya shingo yake). Akaniandikia kwa herufi kubwa kwamba kiasi kile kingenitoboa tumbo, kingeniua hata, kwamba dawa ina kipimo chake na mwili hauwezi kulipwa madeni ya jana, na kwamba niiache mpaka masikio yanyamaze, kisha nianze upya na sehemu ndogo. Akaniweka huko mpaka jioni.

Njia yote ya kurudi nililia. Nilimwaza Tabitha tu. Nilijua nitamkuta amelala kifudifudi.

Nilimkuta amesimama barabarani ananingoja. Akaanza kuongea, nikamwonyesha masikio, bado hayasikii. Akanikumbatia, akaweka mdomo sikioni pangu, akapiga kelele mpaka milango ya majirani ikafunguka.

"MAMA! WAMETAKA KUKU!"

Mengine Dorika alinisimulia kesho yake. Nilipoondoka wanaume walibaki wakitazama viatu. Ndipo Senge Loise akasema, "Kijana ameshika mama mkwe wake. Hiyo ni mwiko. Lazima itengenezwe, wasafishwe wote wawili. Mtoe kuku, na sisi tutoe yetu."

Elam, ambaye huwa anaelewa mambo pole pole, akamuuliza, "Mama mkwe wa nani? Si hata hatujakubaliana?"

"Kwani unafikiri tunasafisha mtu wa barabarani?" Senge akamjibu. "Ugonjwa nimesikia. Hata watu wa Soy wamesikia. Mimi huwa naogopa nyumba ya watu wa kuficha. Sasa huyu ataficha nini?"

Waliwachinja kuku wale juma lililofuata, wakanipaka nilichopakwa, na Zablon akaanza tena kunikwepa njiani kwa heshima zote. Tabitha aliolewa mavuno yalipokwisha.

Mimi niliapa. Dawa yangu nainywa sehemu yake tu, nimeshiba, na niliyoisahau nimeisahau. Wakija wageni, hata wawe wamekuja kuoa, hata wawe na senge mwembamba kuliko yule, nawaambia karibuni, kaeni, mtanisamehe, mimi nakula kwanza.